Kumpiga Picha Baisani: Somo la Umbali

Katika mbuga za nyasi za Amerika ya Kaskazini, ziitwazo prairi, huishi mnyama mkubwa ajulikanaye kwa jina la baisani. Jina lake la kisayansi ni Bison bison. Yeye ni wa jamii moja na ng'ombe na nyati wa Afrika, ila umbo lake ni la namna ya pekee: ana nundu kubwa mabegani, kichwa kizito kinachoning'inia karibu na ardhi, na manyoya marefu ya kahawia yanayofunika kichwa, shingo na miguu ya mbele. Dume huweza kufikia uzito wa kilo 900 na kimo cha meta 1.8 begani. Tarehe 9 Mei 2016 baisani alitangazwa kisheria kuwa mamalia wa taifa la Marekani.

Watu wengi husafiri kwenda kumpiga picha mnyama huyu. Kazi hiyo huonekana nyepesi, kwa kuwa baisani ni mkubwa, hula mahali peupe, wala hajifichi. Walakini liko swali moja ambalo kila mpiga picha hapana budi alijibu kabla ya kuinua kamera yake: asimame umbali gani? Jawabu la swali hilo linahusu usalama wake, fizikia ya lenzi, na ukweli wa picha yenyewe.

Picha za kwanza

Katika karne ya 19 baisani walihesabiwa kwa mamilioni. Waliuawa kwa ajili ya ngozi zao, na kuangamia kwao kuliwanyima watu wa asili wa mbuga hizo chakula, mavazi na mahema. Mwaka 1889 mtaalamu wa wanyama William T. Hornaday alikadiria kwamba katika Amerika yote ya Kaskazini walikuwa wamebaki baisani wapatao 1,000 tu, wa porini na wa kufugwa pamoja.

Kamera za wakati huo zilikuwa masanduku mazito yaliyotumia mabamba ya kioo, na hazikufaa kumnasa mnyama anayekimbia. Kwa hiyo si ajabu kwamba picha nyingi mashuhuri za enzi ile ni za mizoga na mifupa. L. A. Huffman, mpiga picha wa Montana, aliwapiga picha wawindaji wa ngozi wakiwa kazini katika miaka ya mwanzo ya 1880. Picha nyingine, ya mwaka 1892, yaonyesha mlima wa mafuvu ya baisani kwenye kiwanda karibu na Detroit, ambako mifupa ilisagwa na kuchomwa kwa matumizi ya viwandani.

Hata hivyo, habari na picha zilisaidia pia kuwaokoa waliosalia. Mwezi Machi 1894 mwindaji haramu alikamatwa katika hifadhi ya Yellowstone akiwa ameua baisani kadhaa. Wakati huo walikuwamo hifadhini mwandishi Emerson Hough na mpiga picha F. Jay Haynes. Habari hiyo ilipochapishwa, umma ulishtuka, na tarehe 7 Mei 1894 Rais Grover Cleveland alitia sahihi sheria ya kuwalinda wanyama wa Yellowstone. Mwaka 1902 walikuwa wamebaki humo baisani wapatao 24 tu. Katika miaka ya karibuni idadi yao imekuwa kati ya 3,000 na 6,000.

Umbali wa usalama

Leo hatari imegeuka upande. Kanuni za Yellowstone humtaka kila mgeni akae umbali usiopungua yadi 25, yaani meta 23, kutoka kwa baisani. Umbali huo waweza kuonekana mkubwa, lakini baisani huweza kukimbia kilometa 55 kwa saa, ambayo ni meta 15 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo meta 23 humalizika chini ya sekunde mbili. Hakuna mwanadamu awezaye kumshinda mbio.

Mwaka 2015 watu watano walijeruhiwa na baisani huko Yellowstone. Wote walikuwa wamefika meta moja hadi mbili kutoka kwa mnyama, na watatu kati yao walikuwa wakipiga picha. Mmoja alikuwa amempa baisani mgongo ili ajipige picha pamoja naye kwa simu ya mkononi.

Baisani aghalabu hutoa onyo. Huinua mkia, hutikisa kichwa, hukoroma, au huparua ardhi kwa kwato. Mpiga picha aonapo dalili hizo hana budi kurudi nyuma mara moja. Uangalifu zaidi wahitajika wakati wa majike kulinda ndama wao, na katika miezi ya Julai na Agosti, ambapo madume hupigania majike.

Hesabu ya lenzi

Wale wanaomkaribia mnyama hudhani kwamba picha nzuri haipatikani kwa mbali. Fizikia yaonyesha kinyume chake. Ukubwa wa taswira inayoundwa ndani ya kamera hupatikana, kwa makadirio, kwa kuzidisha urefu wa kitu kwa urefu wa fokasi wa lenzi, kisha kugawanya kwa umbali.

Baisani mwenye urefu wa meta 3, akiwa umbali wa meta 25, hutoa taswira ya milimita 6 katika lenzi ya milimita 50. Katika lenzi ya milimita 300 taswira hiyo huwa milimita 36, ambao ndio upana kamili wa picha katika filamu ya kawaida ya milimita 35. Yaani mnyama huijaza picha yote, na mpiga picha yuko nje ya mpaka uliowekwa. Kwa upande mwingine, mtu asimamaye meta 2 kutoka kwa mnyama na lenzi ya milimita 50 angehitaji filamu yenye upana wa milimita 75. Amehatarisha maisha yake, na hata hivyo picha yake haiwezi kumwonyesha mnyama mzima.

Mwanga na rangi

Kipima-mwanga cha kamera hakijui kama kinatazama theluji au manyoya meusi. Hudhani kila kitu kina weupe wa wastani. Kwa hiyo theluji huelekea kutoka kijivu, na baisani akijaza picha manyoya yake hutoka yamepauka. Njia rahisi wakati wa kiangazi ni kupima mwanga kutoka kwenye nyasi zilizoangazwa na jua lile lile linalomwangaza mnyama, kwani weupe wa nyasi za kijani ni karibu na huo wa wastani. Asubuhi na jioni jua huwa chini. Mwanga wake wa ubavuni hudhihirisha kila unyoya na vumbi linalotimka.

Picha kama kipimo

Faida kubwa kuliko zote ya umbali ni ukweli. Baisani aliyesogelewa mno huacha kula, huinua kichwa na kumkabili mtu. Picha yake basi haionyeshi maisha ya baisani, bali yaonyesha baisani aliyesumbuliwa. Yule asiyesumbuliwa huendelea na shughuli zake: hugaagaa mavumbini na kuacha mabonde madogo ambayo baadaye hushika maji ya mvua, au huifagia theluji kwa kichwa chake ili afikie nyasi, kazi inayotegemea misuli ya ile nundu.

Tena ile hesabu ya lenzi huweza kugeuzwa. Umbali ukijulikana kwa hakika, mathalani kwa kipimo cha mwale wa leza, kimo cha mnyama hupatikana bila kumgusa. Taswira yenye kimo cha milimita 10.8, iliyopigwa kwa lenzi ya milimita 300 kutoka meta 50, ni ya mnyama mwenye kimo cha meta 1.8.

Zoezi kwa wanafunzi

Kanuni hii yaweza kujaribiwa uwanjani pa shule bila kamera yo yote. Mwanafunzi anyooshe mkono, afumbe jicho moja, na akilaze kidole gumba mbele ya kitu chenye kimo kinachojulikana, kama vile mlango au mwenzake aliyesimama, mpaka upana wa kidole ukifunike chote. Kwa kutumia pembetatu zinazofanana, akadirie umbali wake. Kidole chenye upana wa sentimeta 2, kikiwa sentimeta 60 kutoka jichoni, hufunika kitu cha meta 3 kilicho umbali wa meta 90. Kidole kinachomficha baisani mzima, toka kichwa hadi mkia, chaonyesha basi kwamba mtazamaji yuko mbali vya kutosha, na mnyama ameachwa na amani yake.