Mwanamke anayetaka mazoezi atafutiwe pia nafasi ya kupumzika

WANAWAKE wengi wa miji ya Kericho na Bomet wakiambiwa na daktari wafanye mazoezi ya viungo, hucheka kwanza. "Daktari, mimi niko mbioni tangu asubuhi," husema. Ni kweli kwa kiasi. Huamka saa kumi na moja, huwasha jiko, huvalisha watoto, hukimbilia matatu, kisha huketi nyuma ya kaunta au meza ya ofisi hadi jioni, wakarudi kupika. Mwili umechoka, lakini moyo haukupata kazi ya kuutosha.

Huenda nawe msomaji wajipa moyo kwamba hii ni nchi ya wakimbiaji. Marehemu Wilson Kiprugut, aliyeiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki kutoka Tokyo mwaka wa 1964, alikuwa mwana wa Kericho. Beatrice Chebet, aliyenyakua dhahabu mbili jijini Paris mwaka wa 2024, pia ni wa kaunti hiyo. Lakini mbio za jirani hazikupunguzii wewe presha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa karibu wanawake 4 katika kila watu wazima 10 wa jinsia yao walikuwa na uzito uliopita kiasi, zaidi ya mara mbili ya wanaume.

Kuna mwanamke mmoja aliyefanya mazoezi kuwa biashara baada ya kukiona kizuizi ambacho sisi madaktari hukiruka tunapotoa ushauri. Naye ni Bi Lornah Kiplagat.

Bi Kiplagat alizaliwa mwaka wa 1974 katika sehemu za Elgeyo Marakwet. Alishinda mbio za marathon za Los Angeles mwaka wa 1997, akazishinda tena mwaka uliofuata. Siku hizo kambi nyingi za wanariadha zilikuwa za wanaume. Msichana aliyejiunga nazo mara nyingi alijikuta akipika na kufua nguo. Asubuhi alikimbia sawa na wenzake. Mchana wao wakilala, yeye alikuwa jikoni. Karibu na mwaka wa 2000, Bi Kiplagat na mumewe Mholanzi, Bw Pieter Langerhorst, walifungua kituo mjini Iten, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambamo wasichana wangeweza kukimbia, kula na kulala bila kuwa wapishi wa mtu.

Kwa macho ya daktari, hiyo ndiyo sehemu bora ya habari yenyewe. Misuli haijengeki wakati wa kukimbia. Hujengeka baadaye, umelala au umekaa, mwili ukitengeneza upya nyuzi zilizochakaa. Anayejikaza kila siku bila kupumzika huumia magoti na nyayo. Akikosa na chakula cha kutosha, hedhi yaweza kukatika na mifupa ikadhoofika.

Biashara ilikua. Kituo kikawa na jimu na bwawa la kuogelea, wageni wakaja kutoka ng'ambo, akiwemo Mo Farah wa Uingereza. Mwenye kituo naye hakuacha kukimbia. Alichukua uraia wa Uholanzi mwaka wa 2003, na mwaka wa 2007 akatwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika papa hapa Kenya, mjini Mombasa, akivalia rangi za Uholanzi. Wako waliokasirika. Mwaka huo huo aliweka rekodi ya dunia ya nusu marathon huko Udine, Italia: saa 1, dakika 6 na sekunde 25.

Si yeye wa kwanza kugundua kwamba mwanamke huja mazoezini akiondolewa kinachomzuia. Huko Marekani mwaka wa 1969, karibu na Chicago, Judi Sheppard Missett aliona wanawake wakilikimbia darasa lake la densi. Hawakutaka kuwa wachezaji wa jukwaani, walitaka afya tu. Aliwageuza wakaipa kioo mgongo, wakaacha kujikagua makosa, na darasa likajaa. Kutoka hapo ilizaliwa kampuni ya Jazzercise.

Turudi kwetu kwenye majanichai. Kizuizi hapa ni kipi? Alfajiri kuna giza na baridi, alasiri mvua hunyesha, na mama wa miaka 45 akikimbia barabarani watoto humcheka. Mchumaji majani naye hahitaji kuambiwa atembee. Huinama na kusimama siku nzima na kikapu mgongoni; anachohitaji ni kupumzisha kiuno na kukinyoosha. Mashine zikimwondolea kazi hiyo, akafungua kibanda cha kuketi, hapo basi aanze mazoezi.

Nikiulizwa na mama anayetaka kufungua ukumbi wa mazoezi mjini, nitamwambia asianze na mashine za bei kubwa. Atafute chumba kisichovuja, saa ambayo wanawake wametoka kazini na bado kuna matatu za kurudi nyumbani, na mtu wa kushika watoto. Kisha awe na mizani na kipimo cha presha.

Nawe unayetaka kujiunga, mtazame mwalimu. Akipokea pesa zako bila kukuuliza kama una presha, kisukari, ujauzito au maumivu ya kifua, nenda kwingine. Akikuuzia vidonge vya kupunguza tumbo, nenda haraka zaidi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 kwa juma za mazoezi ya wastani, yaani unahema lakini bado waweza kuzungumza, na siku 2 za kutia misuli nguvu. Ni kama nusu saa kwa siku 5. Ikiwa hujazoea, anza na dakika 10.

Na ikiwa tayari unameza dawa za presha, usiziache kwa sababu umeanza mazoezi na unajihisi vizuri. Endelea nazo, kisha rudi kliniki upimwe. Ni daktari wako atakayeamua kama dozi ipunguzwe.