Mashine za Kufyonza Katika Chumba cha Upasuaji: Mambo Ambayo Mgonjwa Anapaswa Kujua

Mkaazi wa Wadi ya Ngaremara anayehitaji upasuaji hupewa rufaa hadi hospitali kubwa mjini Isiolo, kwa kuwa zahanati haina chumba cha upasuaji. Akifika, ataulizwa: umekula nini, na saa ngapi?

Swali hilo lina sababu. Mtu aliyepewa nusukaputi hulala fofofo na koo lake haliwezi kujilinda. Chakula kikipanda kutoka tumboni kinaweza kuingia kwenye mapafu na kuhatarisha maisha.

Kwa hivyo mashine ya kufyonza huwekwa karibu na kichwa cha mgonjwa na kujaribiwa kabla dawa haijatolewa. Pampu yake huvuta mate, damu au matapishi kupitia mpira hadi kwenye chupa, ili njia ya hewa ibaki wazi. Lakini vipande vya nyama au ugali vinaweza kuziba mpira huo. Mashine haichukui nafasi ya tumbo tupu.

Kwa upasuaji uliopangwa, mtu mzima kwa kawaida hukaa bila chakula kwa muda wa saa 6, na bila maji kwa muda wa saa 2. Maziwa na chai ya maziwa huhesabiwa kama chakula.

Ufyonzaji wa pili huondoa gesi. Sehemu ya gesi ya nusukaputi hutoka mgonjwa anapopumua. Mpira uliounganishwa na mashine ya nusukaputi huipeleka nje ya jengo. Bila mpira huo, madaktari na wauguzi huivuta kila siku, na inaweza kuwaletea maumivu ya kichwa na uchovu. Tangu mwaka 1977, taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, imependekeza gesi kama halotheni isizidi sehemu 2 katika kila sehemu milioni moja za hewa.

Akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji hudungwa sindano ya ganzi mgongoni, bila gesi. Hata hao huulizwa walichokula, kwani nusukaputi inaweza kuhitajika ghafla.

Wakaazi wanashauriwa:

• Kufuata maagizo ya kutokula kabla ya upasuaji.
• Kutompa mgonjwa wa rufaa chai au chakula njiani bila kumuuliza mhudumu wa afya.
• Kusema ukweli iwapo mgonjwa amekula. Upasuaji wa dharura hautakataliwa kwa sababu hiyo. Wahudumu watajiandaa ipasavyo.