Kuoanisha Umilisi wa Kiingereza na Masomo ya Shule: Hali ya Wanafunzi Wakongomani nchini Uganda

1.0 Utangulizi
Mwanafunzi aliyemaliza darasa la tano huko Goma au Bunia anapopokelewa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II au Kyangwali, huweza kujikuta ameketi na watoto wa darasa la pili. Hesabu anazijua, asichokijua ni Kiingereza. Makala haya yanaeleza kwa nini kiwango cha lugha hakipaswi kuchukuliwa kuwa ndicho kiwango cha elimu.

2.0 Kiini cha Tatizo
Mtaala wa Uganda ulioanza mwaka 2007 hutumia lugha za wenyeji kufundishia katika madarasa matatu ya kwanza. Darasa la nne ni la mpito, na kuanzia la tano Kiingereza hushika nafasi yote. Mahali ambapo sera hii inafuatwa, mwanafunzi aliyeshushwa hadi darasa la pili hakutani na Kiingereza alichokikosa, bali Kinyankole au Kinyoro. Amepoteza miaka minne bila kupata lugha iliyofanya ashushwe.

Jim Cummins, mwaka 1979, alitenganisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya taaluma. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba ya kwanza huchukua takriban miaka miwili, na ya pili miaka mitano au zaidi. Kusubiri umilisi ukamilike ndipo mtoto afundishwe mada za rika lake ni kumnyima elimu ya msingi.

3.0 Njia ya Kuoanisha
Upimaji uwe wa aina mbili: wa Kiingereza, na wa maarifa ya masomo kwa Kiswahili au Kifaransa. Matokeo ya upimaji wa pili ndiyo yaamue darasa. Ya kwanza yaamue msaada wa lugha.

Anayeanza Kiingereza asome hisabati pamoja na darasa lake, akifafanuliwa kwa Kiswahili, na apewe vipindi vya ziada vya Kiingereza. Wa kiwango cha kati aongezewe sayansi na maarifa ya jamii, istilahi zikitangulia mada. Wa kiwango cha juu asome masomo yote. Upimaji urudiwe kila muhula ili msaada usigeuke kifungo, kwani mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa kwa Kiingereza.

Mpango wa elimu ya haraka, unaofupisha miaka saba ya msingi kuwa mitatu, unamfaa aliyekatishwa masomo. Aliyepungukiwa lugha tu anahitaji daraja la lugha.

4.0 Hitimisho
Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Washauri wa sera wanaweza kuanza na hatua ndogo: karatasi ya upimaji wa hisabati kwa Kiswahili katika kila shule inayopokea wakimbizi, pamoja na mwalimu mmoja anayeweza kuisahihisha.