Bao la kwenye simu: Kwa nini mzee wa Ipuli anasema "hilo siyo bao"?

Kijana wa bodaboda hapa Ipuli, Tabora, alikuwa amecheza bao kwenye simu kwa miezi kadhaa. Kompyuta anaifunga anavyotaka. Jioni moja akaona amekomaa, akasogea kijiweni, akamwamkia mzee na kuomba kukaa.

Mchezo haukufika mbali. Kijana hakuwa na pa kula, akatakata. Kete yake ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba, naye akazikomba zote aendelee nazo.

Mzee akamshika mkono. "Mjukuu, hujala kitu. Nyumba unaibebaje?"

"Babu, kwenye simu inakubali."

"Basi hilo siyo bao."

Kwa kanuni za bao la Kiswahili, mzee yuko sahihi. Ukila halafu kete ya mwisho ikalala nyumbani kwako, una hiari: unasimama, au unasafiri nayo. Ukiwa unatakata tu, nyumba inakusimamisha. Aliyetengeneza aplikesheni ya yule kijana aliiruka sentensi hiyo moja, na kijana akajifunza mchezo mwingine bila kujua.

Tatizo siyo hesabu

Kwa ambaye hajawahi kukaa kijiweni: bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni (sita kwenye nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake) na 22 mkononi. Unanamua, yaani unaingiza kete moja moja, mpaka za mkononi ziishe. Hapo mnaingia mtaji. Anayemaliziwa kete za safu ya mbele, au anayekosa pa kucheza, amefungwa.

Kuhesabu kete kwa kompyuta ni kazi ndogo sana. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Amsterdam, John Romein na Henri Bal, waliuchambua wote mchezo wa Afrika Magharibi uitwao oware, ambao ni ndugu wa bao: mashimo 12, kete 48. Kompyuta ilipitia hali zaidi ya bilioni 889 na kutoa jibu kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare.

Bao ni kubwa zaidi na lina vituko vyake. Zamu moja inaweza kuzunguka ubao mara nyingi, na kinadharia kuna zamu ambayo haiishi kabisa. Kijiweni watu wataangua kicheko na kukubaliana cha kufanya. Simu haiwezi kukubaliana na mtu, itazunguka mpaka igande, kwa hiyo lazima mtengenezaji aiwekee kikomo. Na kikomo hicho anakiamua yeye, akiwa peke yake chumbani.

Wenzetu wa Thailand na Myanmar

Thailand wana sataranji yao, makruk. Askari wanaanzia safu ya tatu, na "malkia" wao anatembea hatua moja tu kwa mshazari. Myanmar wana sittuyin: askari wanapangwa kwanza, kisha kila mchezaji anaweka vipande vyake vingine anavyotaka. Mimi hapo nilikumbuka kunamua, maana napo mchezo unaanza kabla kila kitu hakijakaa ubaoni.

Leo michezo hiyo miwili inachezwa bure kwenye tovuti kama PyChess. Nyuma yake kuna programu ya Fairy-Stockfish, iliyojengwa juu ya Stockfish, ile inayowafunga mabingwa wa dunia wa chesi. Mtu akitaka kuongeza aina nyingine ya chesi, mara nyingi anaandika tu kanuni zake kwenye faili la maandishi, na programu inacheza.

Yaani makruk na sittuyin zilipata lifti. Zinafanana vya kutosha na chesi ya Ulaya, na gari lilikuwa tayari barabarani. Bao halifanani na chesi hata kidogo, hivyo kila anayelitengeneza anaanza karibu na sifuri, na anaamua kanuni mwenyewe.

Kanuni za nani?

Siyo kwamba hazijaandikwa. Mholanzi Alex de Voogt aliwafuatilia mabingwa wa Zanzibar na kuandika tasnifu yake ya Leiden mwaka 1995. Baadaye watafiti wa Maastricht, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, walieleza namna ya kuliandikia bao programu.

Ila hizo ni za Zanzibar. Majirani zetu Wasukuma wana isolo, Uganda wana omweso, na hata hapa Tabora wazee wa vijiwe viwili wanaweza kubishana mpaka magharibi. Simu haibishani. Watoto elfu wakipakua aplikesheni moja, kosa lake ndilo bao watakalolijua.

Mzee wa Ipuli aliomba simu aijaribu. Akaigeuzageuza, akauliza: "Pa kuiambia kanuni zetu ni wapi?" Hapakuwepo.

Kama umeshapakua, jaribu hivi kabla hujaenda kujiaibisha. Angalia mchezo unavyoanza: ukikuta kila shimo lina kete mbili na mkononi huna kitu, hilo ni bao la kujifunza. Ukila shimo la katikati, simu inapaswa kukuuliza unaanzia kichwa cha kulia au cha kushoto. Kisha tafuta namna ya kutakata mpaka kete ya mwisho iangukie kwenye nyumba yako yenye kete sita au zaidi. Ikiendelea yenyewe, ujue babu atakushika mkono.