Wakazi wa Msitu Uliofunikwa Paa

Mwaka 2003, katika mji wa Zürich nchini Uswisi, bustani ya wanyama ilifungua jumba la mita za mraba 11,000, lenye kimo cha mita 30 na paa la utando upitishao nuru, ambamo ulipandwa msitu wa mvua kwa mfano wa rasi ya Masoala, kaskazini mashariki ya Bukini, yaani Madagaska. Na kwa kuwa mti, ukipata joto, maji na samadi, huota pasipo kuuliza jirani yake ni nani, taklifu kubwa ya msitu wa namna hii si mimea bali ni uteuzi wa wanyama.

Katika vizimba vya desturi ukuta humaliza hujuma zote baina ya mlaji na mliwa, lakini viumbe wakiachwa huru chini ya paa moja, swali la kwanza haliwi tena ni nani aliye mzuri wa kutazamwa, bali ni nani atakayemla mwenziwe. Fosa, mkubwa wa wanyama walao nyama katika Bukini, huwinda lemuri kwao Masoala, na kwa ajili ya ukweli tupu angestahili nafasi. Lakini kule mawindo yake yana hifadhi ya zaidi ya kilomita za mraba 2,000 ya kujificha na kuzaana, ilhali jumbani angewafilisi wenziwe upesi. Basi msitu wa kupandwa hauna budi kusema uongo kidogo, nao ni uongo ninaouridhia.

Wa kutangulizwa ni wale ambao hapana mtu alipaye kiingilio ili awaone: jongoo na vidudu vya udongoni, ambao hugeuza majani makavu, kinyesi na matunda yaliyooza kuwa rutuba. Ndio maana dawa ya kuua wadudu haifai kunyunyizwa ovyo, kwa sababu mdudu aliyelishwa sumu leo kesho atakuwa tumboni mwa kinyonga.

Kinyonga-chui naye, kwa upole wa mwendo wake, huonekana mpangaji asiye na dhara, lakini mjusi mdogo akifikiwa na ulimi ule ameliwa, na madume mawili yakikutana juu ya tawi moja hubadili rangi, yakafutuka na kuumana. Dawa ya fitina hii ni nafasi, maana aliyeshindwa hupata kichaka kingine cha kukimbilia; ukiwatia wawili hao katika sanduku la kioo sebuleni, hata ukilipamba kwa kuvumwani na mizizi, utakuwa umejenga gereza.

Lemuri mwekundu, mwenye uso mweusi na baka jeupe kisogoni, ana haki ya uzawa isiyo na mshindani, kwani hapatikani porini ila Masoala na kandokando yake, na chakula chake aghalabu ni matunda. Lakini mshika sheria aweza kuuliza: kobe mkubwa wa Aldabra, mwenyeji wa Shelisheli, anatafuta nini humo? Jawabu ni kwamba Bukini ilikuwa na makobe wake wakubwa, waliotoweka yapata miaka elfu moja iliyopita, baada ya binadamu kufika. Huyu wa Aldabra ni jamaa yao wa damu, ameshika kazi ya marehemu.

Mgumu wa kutetewa ni popo wa Rodrigues, ambaye kisiwa chake kiko mbali mashariki, katika milki ya Morisi. Katika miaka ya 1970 walibaki chini ya 100 ulimwenguni. Mwaka 1976 Gerald Durrell, mhifadhi wa wanyama, akawachukua baadhi yao hadi bustani yake ya wanyama katika kisiwa cha Jersey ili wazalishwe, na tangu hapo idadi yao kisiwani kwao imepanda hadi maelfu mengi. Kwa nasaba popo huyu si wa Masoala hata chembe. Lakini hula matunda na umaji mtamu wa maua, hamwindi mtu, na vilele vya miti vingekuwa vitupu jioni bila ya mbawa zake. Ningekuwa mimi mwenye kuteua, nisingemtoa.