Kifusi Kinachoutia Kutu Mto Spree
Eneo la Lausitz, mashariki mwa Ujerumani, lina vijito vinavyoingia mto Spree vikiwa na rangi ya kutu. Rangi hiyo haikutoka kiwandani. Imetoka kwenye kifusi, yaani mchanga na udongo uliofukuliwa ili makaa ya mawe yaliyo chini yake yafikiwe. Mgodini kifusi huonekana kikwazo tu: kiondolewe, kimwagwe nyuma ya shimo, kazi iendelee. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kilichostahili kuchunguzwa mwanzo, kwa kuwa makaa huchomwa yakaisha, lakini kifusi hubaki na tabia zake zote.

Matabaka ya chini ya Lausitz yana pairiti, madini ya chuma na salfa. Kwa mamilioni ya miaka yalikaa bila madhara kwa sababu hewa haikuyafikia. Mgodi unapovuta maji ya ardhini na kufukua, oksijeni hupenya, pairiti huoza, na kunazaliwa asidi ya salfuriki na chuma kilichoyeyuka. Baadhi ya maziwa yaliyojaa kwenye mashimo ya zamani yalifikia pH ya karibu 3, kiwango ambacho samaki hawawezi kukistahimili. Mitambo nayo ilichangia. Daraja la kusafirishia kifusi liitwalo F60, lenye urefu wa zaidi ya mita 500, huvusha tabaka la unene wa hadi mita 60 kwa mkupuo, hivyo mchanga wa chini wenye pairiti huchanganyika na ule wa juu na kuishia palepale mizizi inapotaka kushika.

Watu husema chokaa inatosha. Ni kweli inapunguza asidi, na huko Lausitz humwagwa ziwani kwa boti, lakini pairiti ikiendelea kuoza kazi hiyo hurudiwa. Isitoshe, chokaa ya ziwani haigusi udhaifu wa pili, ambao ni wa umbo. Chembe za mchanga ule ni za mviringo na zinakaribia kulingana, kwa hiyo ukimwagwa hukaa legelege. Pampu zikizimwa, maji hupanda na kujaza mianya. Mtikisiko mdogo tu, ardhi hutiririka kama uji. Mwaka 2010, karibu na Spreetal huko Lausitz, ardhi iliporomoka namna hiyo ikameza malori na kondoo.

Ndiyo maana nasema matabaka yapimwe na kutenganishwa kabla ya kumwagwa. Wengine hulalamikia gharama ya kazi hiyo. Lakini Ujerumani imetumia zaidi ya euro bilioni 10 za umma kukarabati maeneo ya migodi ya enzi ya Ujerumani Mashariki. Tena si kila kifusi kina sumu. Chenye mawe ya chokaa huweza kuizima asidi chenyewe, na hilo hujulikana kwa kupima sampuli kabla ya kuchimba. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1977, ilidai udongo wa juu utengwe na kifusi chenye asidi kifukiwe au kitibiwe, na makaa yameendelea kuchimbwa huko.