Zawadi ya mama isimwongezee ugonjwa

SIKU ya Mama huadhimishwa kila Jumapili ya pili ya mwezi wa Mei, na huwakuta wengi wetu mikono mitupu. Ukishuka kwenye matatu mjini Kericho, Litein au Bomet Jumamosi jioni, utaona watu wazima wakikimbilia maduka kabla hayajafungwa. Hutoka na kilo mbili za sukari, mkate na soda. Heshima imetimizwa, lakini huenda mama anayeletewa vitu hivyo ana kisukari au shinikizo la damu.

Msomaji, hata ukiwa umechelewa, ipo zawadi inayofaa.

Ikiwa mama anatumia dawa kila siku, mnunulie za mwezi mzima. Piga simu nyumbani umwombe mtu akusomee jina na kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha upite kwenye duka la dawa linalotambuliwa. Usikisie. Aidha, usimpelekee vidonge vya kutuliza maumivu ya magoti na mgongo bila ushauri wa daktari, hata kama amechuma majani chai miaka 30. Baadhi yake, kama diklofenaki, hupandisha presha, huchubua tumbo na kudhuru figo.

Mwenye uwezo zaidi anaweza kununua mashine ya kupimia presha. Chagua ile inayofungwa kwenye mkono juu ya kiwiko, si ya kifundo. Mama akae ametulia dakika tano, mgongo umeegemea, na awe hajanywa chai kwa nusu saa. Apimwe mara mbili. Ikiwa kipimo kinafika 140 kwa 90 au zaidi siku kadhaa, apelekwe kliniki. Kikiwa kizuri, asiache dawa. Huenda ni hizo zinazokishusha.

Chupa ya chai je? Katika baridi ya nyanda hizi ni zawadi nzuri, ila ina sharti lake. Mwaka wa 2016, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza kuwa vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Chai yenyewe haina lawama. Ubaya ni kuinywa ikiwa moto mno. Mmiminie mama kikombe, mzungumze dakika chache ipoe, ndipo anywe.

Jambo hili si dogo hapa. Kwa miaka mingi madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, wameeleza jinsi saratani hiyo ilivyo nyingi katika eneo hili, hata kwa vijana. Chanzo chake si kimoja, na wengi hufika hospitalini wamechelewa.

Kwa hivyo zawadi kubwa kuliko zote haina bei: kaa ule na mama. Mtazame. Je, anasukuma kila tonge la ugali kwa maji? Anasema chakula kinakwama kifuani? Ameacha nyama na sasa anataka uji tu? Nguo zimempwaya? Usimwambie ni uzee. Mpeleke hospitali yenye kifaa cha kuchungulia umio, wiki hiyo hiyo.

Na ikiwa hukupata hata nafasi ya kupita dukani, bado simu yako inatosha. Hakikisha mama amesajiliwa katika bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na ulipe mchango wake. Usajili hufanywa kwa kupiga *147#.

Leso mpya pia usiache kumpelekea. Mama naye hupenda kupendeza, hasa siku anayosindikizwa kliniki na mwanawe.